Oleanda ya Roshani

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shajara, hujambo? Sijui kuanza kuandika bila salamu. Mzee hajambo, anakoroma kwenye kochi. Mwanangu hajambo. Mke wake muuguzi hajambo. Binti yao Kijino hajambo, ameota meno na anatafuna dunia nzima. Paka hajambo. Mimi ndiye mwenye jambo!

Mkwe kaja leo, kakataa hata chai. Kasimama roshanini anaikodolea macho oleanda yangu. Maua ya pinki, nimeilea tangu mwanangu hajaoa. Akasema, mama, kwa heshima zote, huu mti ni sumu kuanzia jani hadi utomvu. Yeye na mwanangu wanasafiri Ijumaa, wanatafuta pa kumwacha mtoto. Mti usipoondoka, Kijino atalala kwa Bibi Bustani.

Bibi Bustani! Mama mzazi wa mkwe. Ana nyasi, ana bembea, sasa anataka na mjukuu.

Jumanne, tarehe 5

Nina akili. Nimeificha oleanda bafuni, nikampigia mkwe simu ya video aione roshani ilivyo tupu. Akafurahi, akaniita mama yangu mpenzi. Mara mzee akapaza sauti kutoka ndani: yeye ataogaje na mti umesimama penye ndoo?

Simu ikakatika. Si mtandao.

Jumatano, tarehe 6

Nimeing'oa. Kwa glavu, kama mkwe alivyoagiza. Nimelia kama nimefiwa. Mzee akaniuliza nalilia nini, ua au mjukuu. Nikamwambia akaoge, bafu liko wazi.

Kisha kwa muuza miche. Nikataka kichaka chenye maua, kisicho na sumu. Akanionyesha haibiskasi. Haina madhara kwa mtoto, akasema, inachanua mwaka mzima, hata kwenye chungu inakubali. Kama sitaki, ipo asmini.

Haibiskasi? Bibi Bustani anazo kama uzio mzima kuzunguka nyumba! Niige kwake? Nife kwanza. Na asmini ilikuwa vijiti vitupu. Nikaona kichaka kingine pembeni, maua kama kengele za manjano, majani membamba, kimejaa madaha. Muuza miche akaanza kusema kitu. Nikamwambia, baba, mimi nimeshachagua, funga.

Ijumaa, tarehe 8

Nilitandika kitanda cha Kijino tangu alfajiri. Nikapika uji, nikaupoza.

Mkwe kaingia na mtoto mgongoni. Kaona kengele za manjano. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, mama, hii ni oleanda ya manjano. Sumu ileile. Mwanangu akatazama viatu vyake. Kijino akaninyooshea mikono, nikanyoosha yangu, mkwe akageuka mlangoni.

Uji nimeunywa mimi. Hauna ladha.

Jumamosi, tarehe 9

Bibi Bustani kanitumia picha. Kijino kwenye bembea, haibiskasi nyekundu sikioni, nyingine mdomoni, anaitafuna na kucheka! Chini kaandika: mjukuu wetu anakusalimu. Wetu! Mzee akasema mtoto kapendeza. Nimemnyima chai.

Jumapili, tarehe 10

Mkwe kapiga simu kutoka safarini, sauti ya upole. Mama, nunua haibiskasi tu, hata moja, wiki ijayo namleta akae siku nzima. Nikaitikia ndiyo mwanangu, ndiyo kipenzi. Nikaanza kutandika kitanda upya.

Nikaenda kwa muuza miche. Haibiskasi zilikuwepo, zimechanua, zinanitazama. Nikazipita na moyo mgumu. Nyuma kabisa nikaona malkia: maua meupe makubwa yananing'inia kama tarumbeta! Bibi Bustani hana hata moja. Muuza miche hakuwepo, alikuwepo mkewe. Nikauliza, mti huu unasumbua kutunza? Akasema wala hauhitaji uzio, hata mbuzi mwenye njaa hausogelei, anaujua.

Sasa hapo ndipo nilipotulia moyo. Kama mbuzi hausogelei, Kijino atausogelea wapi?

Nimeupanda. Nimemtumia mkwe ujumbe: Binti yangu, salamu sana. Oleanda zote zimeondoka, nimepata kitu bora kuliko haibiskasi. Mlete mtoto. Nijibu upesi, uji uko jikoni.