Maombi Kabla ya Mechi ya Kajiado

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Dada yangu Ajwang, hujambo hapo Kware? Mgongo umeachilia? Sisi Kitengela tu wazima kwa neema. Hii wiki nitaandika kila kitu kwa hili daftari, halafu nikutumie. Hakuna mwingine naweza kuambia.

Mzee Nzau wa tawi la kanisa letu huko Kajiado anataka kiti changu cha mlezi wa vijana. Miaka kumi na moja nimekikalia! Amesimama mbele ya wachungaji akasema mimi Ondiek ni wa zamani, hata sijui vijana wanacheza nini. Hasira ikanipanda. Nikasema vijana wangu watawachapa wake kwa mchezo wowote. Akachagua mpira wa kwa mashine, Jumamosi, wao wakiwa Kajiado, sisi huku. Atakayeshindwa aachilie kiti. Nikakubali. Ndipo nikamuuliza binti yangu Yvonne huo ni mchezo gani.

Jumanne, 5 Agosti

Kichwa kinazunguka. Kumbe mashine ni mbili! PS nyeupe, Xbox nyeusi. Brayo anayekodisha ameongea saa nzima, kasi, picha, sijui nini. Niliitikia yote. Halafu akasema kila moja inataka ulipe uanachama wa mwezi ndiyo ucheze na watu wa mbali. Aa, chama! Nikauliza zamu yangu ya kupokea mchango ni lini. Brayo akaniangalia. Yvonne akaangalia viatu vyake.

Nzau ako na nyeupe. Nikichukua nyeupe, si ataona mipango yetu yote?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeita Simel, jirani, mtu wa kununua madume ya ng'ombe soko la Kajiado. Hajawahi kudanganywa. Ameinua nyeupe, akainua nyeusi. Akazipiga makofi ubavuni. Akachungulia matundu ya nyuma kama anaangalia meno. Akasema olchore, rafiki yangu, hii nyeusi imeshiba.

Tumekodi nyeusi. Yvonne anasema zote zingefaa, huo mpira unakutanisha nyeusi na nyeupe, cha muhimu ni intaneti na mazoezi. Watoto! Nimeiweka dirishani, ikiangalia Namanga Road ya kwenda Kajiado, intaneti isipate kona njiani. Jioni Yvonne amefunga vijana wote wa ploti. Sita bila! Kiti ni changu.

Jumamosi, 9 Agosti

Ajwang, sielewi.

Vijana walijaa sebuleni. Nikavaa zile spika za masikioni, nikasikia Nzau mwenyewe akiwa Kajiado! Akauliza kama nimekuja na miwani. Kipenga kikalia. Nikasema hakuna kugusa kitu kabla ya maombi. Yvonne akasema baba, mpira umeanza. Nikamwambia Mungu kwanza, weka hiyo kitu chini, mikono juu. Akaweka. Alifumbua jicho moja, nikaliombea hilo jicho.

Niliomba vizuri sana. Kila nikifika mahali pazito, Kajiado walipiga kelele kwa furaha. Nikasema moyoni, hata maadui wanabarikiwa! Nikaongeza.

Nikasema amina. Tisa bila. Yvonne alifunga mbili kwa dakika zilizobaki, halafu akaenda kuosha vyombo bila kutumwa. Hiyo ndiyo imeniumiza.

Jumapili, 10 Agosti

Nimempigia Nzau, nikaomba marudiano kabla nitoe kiti. Alicheka mpaka akakohoa. Amekubali, Jumamosi ijayo, na akanisihi nije na kwaya yote. Maskini, hajui anachoomba!

Yvonne amejaribu kunieleza kitu juu ya kipenga. Nimemwambia anyamaze, kosa nimeshaliona. Maombi yalikuwa mafupi. Safari hii ni nusu saa, na kwaya inaanza kipenga kikilia tu. Simel naye atapima mashine upya, ikiwa imelala na ikiwa imesimama.

Sasa dada, nijibu upesi, kabla ya Jumamosi. Uniambie nichukue nyeupe ama nyeusi.

Ndugu yako, Ondiek