Sifuri Hadi Shinyanga

Jumatatu, 3 Juni 1974. Masumbwe.

Nimeamua. Mzee Rajabali, mwenye malori na bosi wetu, anatafuta mkuu wa simu za upepo akae Shinyanga, chumba chenye feni. Kigezo ni kimoja: atakayepitisha ujumbe mwingi zaidi. Nikipata, Mzee Masele atapokea ng'ombe wangu na Limi atakuwa mke wangu. Nikikosa, ameshasema binti yake haolewi na mtu anayeongea na sanduku.

Kikwazo ni Pantaleo wa Kalangalala. Redio zetu hazifiki Shinyanga, kwa hiyo ujumbe hupokezanwa kituo kwa kituo. Kila mmoja ana jedwali ukutani: ujumbe unakwenda wapi, umpe nani, umebakiza mikono mingapi ya kupokelewa hadi ufike. Mimi kwenda Shinyanga ni kwa Pantaleo, mikono mitatu. Yeye ni kwa Kahama, miwili. Mimi Kahama siisikii, kilima kimekaa katikati. Kila asubuhi tunasomeana majedwali. Ukisikia jirani ana njia fupi kuliko yako, unafuta yako, unaandika jina lake, na kwenye namba yake unaongeza moja. Hakuna maswali. Ndiyo sheria ya Mzee Rajabali.

Basi kesho nitasoma: Shinyanga, sifuri.

Jumanne, 4 Juni.

Nimesoma. Pantaleo akauliza kama nina hakika. Nikamjibu jedwali halibishaniwi. Akafuta. Huyo ni mtu wa sheria. Karatasi ikisema kuna mvua, atafungua mwavuli juani.

Kuanzia saa tatu ujumbe wote wa Shinyanga kutoka Kalangalala na kituo cha Buseresere ukaanza kuja kwangu. Nikautuma unakopaswa kwenda, yaani kwa Pantaleo. Akaurudisha. Nikaurudisha. Akauliza kulikoni, nikasema hewa nzito. Ujumbe mmoja wa kuomba matairi umepita kwangu mara kumi na tisa, na kila mara nimeuhesabu. Pantaleo, mjinga wa haki, ameuhesabu mara moja. Jumla yangu ya leo: mia mbili na sita. Wiki nzima iliyopita ilikuwa thelathini. Hesabu nimempa Maganga, dereva wa lori, aifikishe Shinyanga.

Jumatano, 5 Juni.

Ushindi! Ujumbe umetoka kwa Mzee (kuja huku njia ni nzima) na Pantaleo mwenyewe ndiye aliyelazimika kunisomea, kwa sauti ya kutangaza tanzia. Bartholomeo, kazi ni yako, jibu ndiyo kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo atapewa mwingine. Nimeruka hadi nikakanyaga betri.

Nikatuma "Ndiyo" hapo hapo. Baada ya dakika mbili "Ndiyo" ikarudi.

Nikamwomba Pantaleo aipeleke Kahama kama zamani. Akasema jedwali lake linasema Shinyanga ni kupitia Masumbwe, mkono mmoja. Ila nikikiri kwamba sifuri si kweli, atafuta mara moja. Nikiri? Mzee akijua nimedanganya jedwali, kwaheri feni. Nikasema sifuri ni sifuri. Nikatuma tena.

Alhamisi, 6 Juni.

Hadi adhuhuri nimetuma "Ndiyo" mara thelathini na moja. Nimezihesabu pia, kwa mazoea.

Maganga amepita na lori kutoka Buseresere. Tukasalimiana Kisukuma: mwangaluka, mwangaluka. Mfuko wa shati una bahasha: Dada Paskazia wa kituo cha kule anamwandikia Mzee, kwa sababu tangu Jumanne hajibiwi. Maganga akasema kesho asubuhi atakuwa Shinyanga, kama nina barua nimpe. Nikacheka. Mkuu mtarajiwa wa simu za upepo atume jibu kwa lori? Watu watasema nini?

Ijumaa, 7 Juni.

Saa sita kasoro dakika moja, "Ndiyo" ya hamsini na nane. Imerudi saa sita na dakika moja.

Saa nane Pantaleo akanisomea. Mzee amengoja jibu langu, hajaliona. Alichoona ni barua ya Paskazia, iliyoeleza kwamba ujumbe unazunguka kati ya vituo viwili kama ng'ombe wa kukanyaga udongo wa matofali. Kazi amepewa Paskazia.

Jioni nilikutana na Limi kisimani. Aliponiona alijitwika ndoo yake, akashika njia nyingine. Imeniuma kuliko kazi yenyewe.

Jumamosi, 8 Juni.

Amri ya kwanza ya Paskazia: Jumatatu kila kituo kisome jedwali lake upya, na ukweli mtupu. Tena anatafuta msaidizi wa kukaa naye Shinyanga. Mzee Masele amesema msaidizi naye ni mtu wa Shinyanga, ila hii ni mara ya mwisho.

Kwa hiyo nimekaa, nimejichunguza bila kujionea huruma, na kosa langu nimeliona. Sifuri ilikuwa namba kubwa mno.

Jumatatu nitasoma: Shinyanga, hasi moja.