Kiti cha Lyle kwenye Bodi ya Maji

Jumatatu, 14 Julai
Lyle Hofstedt kapita na gari jipya lenye nembo ya Bodi ya Maji ubavuni. Kapunguza mwendo makusudi nilione. Wivu? Ndiyo, wivu, tena unanichoma! Maji ya mfereji mashambani mwetu tunatumia mamoja, lakini pale kwenye duka la donati yeye ni Mwenyekiti, mimi ni Vahan wa zabibu. Hata mke wangu Araksi kamwokea baklava, vile vitamu vya asali na njugu. Mimi nimeachiwa trei nirambe.

Jumatano, 16 Julai
Dawa yake nimeipata! Uchaguzi wa bodi ni Novemba hii, mwaka usio na kura ya mbunge wala gavana. Watakaojitokeza ni ukoo wa Hofstedt tu. Tukiusogeza hadi mwakani, pamoja na uchaguzi mkubwa, bonde zima litapiga kura. Nami nitagombea, na bonde zima linanipenda. Nimezunguka mashambani kutafuta saini za ombi hilo. Watu wametia upesi upesi ili niondoke.

Jumanne, 22 Julai
Kikao cha bodi. Nimehutubia juu ya haki ya mpiga kura mpaka koo likakauka. Mwishowe Lyle kasema wananchi wakitaka, yeye ni nani akatae. Wajumbe wote wamekubali. Ushindi! Nimeimba njia nzima.

Jumatano, 23 Julai
Balaa. Nimemuuliza katibu wa bodi, Bi Dolores, kiti kitakuwa wazi lini. Kaniambia uchaguzi ukisogezwa, walio vitini wanabaki: Lyle kaongezewa mwaka mzima. Tena Lyle hakuwa anagombea! Mkewe alitaka wahamie jimbo la Idaho kwa wajukuu, na hakuna mwingine aliyejitokeza. Ningejiandikisha peke yangu, ningepewa kiti bila kupigiwa hata kura moja. Bi Dolores kanitazama kwa huruma: “Bwana Vahan, mtu alikuwa anatoka mwenyewe, wewe ukamfungia mlango!”

Ijumaa, 25 Julai
Lyle kaleta kikapu cha pichi, kunishukuru. Kumbe Idaho haitaki hata kuisikia. Araksi kampa kahawa, kwenye kikombe changu! Nimevimba kwa wivu, nikafikiri hapo hapo. Kosa si langu, ni la mwaka tuliouchagua. Kesho nazungusha ombi jipya: uchaguzi usogezwe mbele tena, hadi Lyle achoke mwenyewe. Nimemdokezea kijanja, kaomba awe wa kwanza kutia saini. Mjinga yule!