Boneti ya Faiba kwa Mlima wa Mbuya

Jumanne, 6 Mei

Limetangazwa leo baada ya mazoezi ya kwaya. Gari la bibi harusi litakuwa la Ojera. Ojera! Mtu ambaye hata si wa kwaya. Mtoto wa polisi kutoka Kitgum, mlinzi wa ghala, jirani yangu ukuta kwa ukuta hapa Mbuya. Gari lake na langu ni pacha, aina moja, yote meupe. Tofauti ni kwamba lake linapanda mlima.

Aliyetangaza ni Emérence, kiongozi wetu wa kwaya. Mdogo wake Annick ndiye anayeolewa. Emérence nampenda mwaka wa tatu huu na sijamwambia. Nilikuwa nasubiri gari lipendeze kwanza.

Nikamwuliza, kwa nini Ojera? Akanijibu kwa upole kwamba kanisa liko kileleni, na Pasaka iliyopita kwaya nzima ililisukuma gari langu ikiwa na majoho mwilini. Ni kweli. Lakini kulikuwa na haja gani ya kulisema mbele ya waimbaji wote wa sauti ya tatu?

Baba yao, Mzee Ephraïm, anakuja kutoka Butembo. Nataka anione nikishuka kwenye usukani na kumfungulia binti yake mlango. Nikimpata mzee, nimempata Emérence. Nikikosa, basi tena.

Jumatano, 7 Mei

Nimegundua! Injini yangu haina tatizo. Mwili ndio mzito.

Fundi mmoja wa Kisenyi aliigonga boneti kwa ukucha akacheka. Akasema hiyo si boneti, ni fila, ile lipu ya kuzibia mabonde, iliyopakwa rangi. Kila aliyenigonga, fila. Kila nilipogonga, fila. Akaongeza kwamba hata injini imechoka, lakini hapo nilishaacha kumsikiliza, maana pale uani nilikuwa nimeona gari la mashindano likivuliwa boneti. Mtu mmoja aliibeba kwapani huku akiongea na simu! Nikauliza ni kitu gani. Wakasema faiba, nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Dada Kaltumi, anayeuza vifaa vya faiba. Akataka kujua natengeneza tangi la maji au mtumbwi. Nikamwambia ni siri. Akanipimia gundi, mkeka wa nyuzi na dawa ya kugandisha. Akanionya nipake nta maalumu kwanza, tabaka juu ya tabaka, la sivyo faiba haibanduki milele. Nta hiyo sikununua. Nyumbani nina ya kung'arishia sakafu. Nta ni nta.

Alhamisi, 8 Mei

Shida mpya. Ili kupata boneti ya faiba unahitaji boneti nzima ya kuigiza umbo lake. Yangu ina mabonde. Nikimimina faiba pale, nitapata mabonde mepesi.

Boneti iliyonyooka, ya gari kama langu, ninayoijua ni moja tu duniani.

Nikaenda kwa Ojera. Nikamwambia boneti yake inalia vibaya bawabani, inaweza kumfungukia bibi harusi barabarani, na kwamba mimi kama jirani nitaifungua na kuitia grisi bure. Akaniangalia. Akasema, kwa Kiswahili chake, mimi nasaidia yeye sana. Akaniletea chai na chapati. Hicho ndicho kinachoniudhi kwa Ojera. Huwezi hata kumchukia kwa raha.

Jumamosi, 10 Mei

Banange! Banange!

Niliipaka boneti ya Ojera nta ya sakafu, ikang'aa vizuri sana. Nikatandaza mkeka. Maelekezo yanasema dawa ya kugandisha iwe kidogo. Mimi nina haraka, harusi ni wiki ijayo. Nikaimimina. Beseni likaanza kutoa moshi. Kisha likayeyuka. Lilikuwa beseni la mama mwenye nyumba.

Faiba ikaganda haraka kweli, hapo sina malalamiko. Ila haikubanduka. Nikaivuta. Nikamwagia maji ya moto. Nikaingiza mwiko wa ugali pembeni, mwiko ukabaki humo. Mwisho nikaweka mguu ukutani nikaivuta kwa nguvu zangu zote, ikatoka kwa mlio ulioamsha mbwa wa mtaa mzima. Boneti ya faiba, nyepesi, nzuri! Na upande wa ndani, imenata pale kwa unadhifu kabisa, rangi yote ya Ojera.

Najikuna mpaka sasa. Zile nyuzi zimeingia shingoni, kwenye soksi, na sehemu ambazo siziandiki hata humu.

Jumapili, 11 Mei

Ojera ametoka zamu. Ameikuta boneti yake bati tupu.

Nikamweleza kwamba ile rangi ilikuwa na ugonjwa na nimeiondoa kabla haujasambaa. Akagusa bati. Akasema gari la namna hii haliwezi kubeba bibi harusi, na mpaka apate pesa ya rangi ni mwezi ujao. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Lakini sasa gari la harusi ni lipi? Langu! Nilikwenda kumwambia Emérence mwenyewe. Nikadhani atafurahi. Akaniuliza kama hakuna mtu mwingine kabisa wa kuendesha. Nikamwambia gari langu haliguswi na mtu mwingine. Akanitazama sana, akasema haya, sawa. Naona furaha ilimzidi.

Jumanne, 13 Mei

Upande laini wa faiba uko chini na ule wenye vinundu uko juu. Sikulijua hilo. Nimeusawazisha juu kwa fila. Fila nyingi. Si kama ile ya mwanzo, lakini si mbali.

Nimeifungia boneti kwenye gari, nikalijaribu mlimani. Limezimika palepale pa Pasaka.

Nimetoa tairi la akiba. Nimetoa jeki, mazulia na redio. Nimeacha kula usiku. Jioni limepanda! Kwa gia ya kwanza, nikiwa peke yangu, nikiwa nimevua viatu. Boneti ilikuwa inapigapiga kwa upepo, nimeifunga kwa kamba ya kuanikia nguo.

Jumamosi, 17 Mei

Leo sitaki kuandika. Naandika kwa hasira.

Asubuhi wakaja wapambaji na maua yao. Siku hizi maua ya gari yana sumaku chini, unabandika tu kwenye bati. Wakabandika. Yakaanguka. Wakabandika tena. Yakaanguka. Wakaulizana kwa Kiganda gari hili ni la nini. Mwisho wakayafunga kwenye kamba yangu ya nguo, na kibanio kimoja.

Kupanda: mimi, Annick, msimamizi wake, na gauni lenye uzito wa mtu wa nne. Likazimika. Kwaya ikashuka kwenye basi, ikalisukuma, safari hii ikiimba. Emérence naye alisukuma, na viatu vyake vya kisigino kirefu.

Hayo yote ningeyavumilia. Ibada ikaisha. Akaja mpiga picha. Katika mji huu hakuna harusi bila ile picha ya bibi harusi amekaa juu ya boneti, miguu pembeni, maua mkononi. Mimi nilisahau! Nimeiona picha hiyo katika kila sebule ya Kampala na nilisahau! Nikakimbia nikipiga kelele asikae. Mpiga picha akasema dereva ana wivu na gari lake. Watu wakacheka. Wajomba wawili wakambeba Annick, wakamketisha.

Kwaa!

Alizama mpaka kiunoni. Akabaki ameketi juu ya injini, maua bado yako mkononi. Mpiga picha, mjinga yule, akaendelea kupiga.

Hakuumia, asante kwa lile gauni. Ojera ndiye aliyemtoa, kwa mikono miwili, kama mtu anayeopoa ndoo kisimani. Lakini nyuzi za faiba zilishaingia. Kwenye ukumbi Annick alicheza muziki wa kwanza akijikuna mgongo na mbavu. Vijana wakadhani ni mtindo mpya wa Kinshasa, wakamfuata.

Mimi nilikuwa nje na gari. Dereva huletewa sahani yake nje. Nyama zilikuwa zimeisha.

Jumapili, 18 Mei

Emérence amekuja. Hakukaa.

Akaniuliza kama najua kwa nini kazi ya gari alimpa Ojera. Nikasema mlima. Akasema mlima ulikuwa kisingizio. Alimpa Ojera kazi hiyo ili mimi niwe huru. Dereva hakai na familia, analinda gari. Yeye alikuwa ameniwekea kiti mezani kwao, kati yake na baba yake. Alikuwa amemwandikia mzee tangu Januari kwamba kuna mtu.

Mzee alipofika mezani akauliza, yuko wapi? Emérence akanionyesha dirishani. Nilikuwa nimelala chini ya gari, miguu nje, nikiokota vipande. Mzee akatazama miguu yangu.

Kiti hakikubaki kitupu. Ojera hakuwa na gari la kulinda, akakaribishwa pale. Yeye na mzee waliongea habari za ng'ombe mpaka keki ikaliwa.

Emérence alilia kidogo aliposema hayo. Nilitaka kumwambia kwamba nampenda. Nikamwambia boneti ilikuwa haijakauka vizuri. Akaondoka.

Nina uchungu. Nimekaa kitandani mchana kutwa.

Jumatatu, 19 Mei

Leo naona mambo kwa uwazi. Mzee hajanikataa. Ameona miguu tu! Hajaniona nikiendesha.

Anarudi Butembo Alhamisi. Nani atampeleka kituo cha basi? Nimeuliza. Ojera, na lile gari lake la bati tupu. Aibu gani hiyo kwa mzee wa watu! Ni lazima nimpeleke mimi. Njia ya kituoni inateremka yote, gari langu litakimbia vizuri. Kurudi nitajua mwenyewe, ingawa ni kweli bado ni zito kidogo.

Nimekaa nikafikiria kosa lilikuwa wapi. Faiba haina kosa. Kosa ni kukaliwa.

Kwa hiyo jioni nimepita kwa Ojera, nikamwambia milango yake inaingiza upepo, mzee atapata mafua njiani, nimfungulie niitazame. Amefikiri kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kisha amenipa funguo, na chai.

Milango yake imenyooka vizuri sana. Na hakuna mtu anayekalia mlango.