Kiwanja cha Seeb na Diploma ya Urubani

Jumamosi, 3 Oktoba 1998
Nimeamua kuwa rubani. Nina miaka thelathini na moja, natunza mafaili wizarani, mtaa wa Ruwi, na leo faili limeniangukia kichwani. Limenizindua. Kuna chuo kidogo cha umma huko Marekani, miaka miwili tu, diploma ya urubani. Kijitabu chao kina picha ya kijana mwenye miwani nyeusi, anacheka. Hajawahi kuangukiwa na faili huyo.

Ada ni nafuu kuliko ya chuo kikuu. Tena inalingana na bei ya kiwanja chetu cha kujengea huko Seeb, tulichopewa na serikali. Nimeichukua kuwa ishara. Tatizo ni Mahbuba, mke wangu. Tangu tuoane tunakaa Darsait, fleti ya vyumba viwili, pamoja na mama, na kiwanja hicho ndicho nyumba yake ya baadaye. Nitamwambia patakapotulia. Kwa sasa nimemwambia mama peke yake, kwa siri.

Jumapili, 4 Oktoba
Mama amekwenda kwenye khitma Mutrah. Siri imekwenda naye. Mahbuba, aliyefuatana naye, amepewa hongera na mwanamke asiyemjua, kikombe cha kahawa mkononi. Amerudi kaniuliza jambo moja tu: kiwanja kinabaki au kinauzwa? Nimesema bado napima. Amesema nikipima nimtie na yeye kwenye mizani, maana atakayebaki miaka miwili kwenye vyumba hivi na mama yangu si mimi.

Nimekisoma kijitabu tena. Habari za mama mkwe hazimo.

Jumatano, 7 Oktoba
Kwetu msafiri haachwi aondoke mikono mitupu. Kila mwenye mtoto Marekani ameleta kifurushi. Halwa, udi, papa mkavu. Bibi mmoja mwanawe yuko Kanada. Nikamweleza kuwa Kanada ni nchi nyingine. Akasema si nitakuwa na ndege.

Chuoni sijaomba hata nafasi. Fleti inanuka papa. Mahbuba amefukiza udi, sasa inanuka papa anayekwenda harusini.

Ghanim, mtoto wa ami yangu, amekuja bila ya kifurushi. Anafanya kazi kaunta ya uwanja wa ndege, anapima masanduku ya watu, lakini tai yake ina pini ya ndege, basi huwezi kumwambia kitu. Amesema mbele ya wageni kuwa kwa umri wangu nianze na tiara za watoto, nione upepo unasemaje. Mama hakucheka. Alisema Kepteni hajibizani na wapima masanduku.

Alipoondoka nimempigia simu dalali wa viwanja. Anataka kuja Jumapili na mnunuzi. Sikufanya hivyo kwa sababu ya Ghanim. Naandika hapa ili nikumbuke.

Alhamisi, 8 Oktoba
Josphat, Mkenya wa ghorofa ya chini, ni fundi wa injini za ndege na alisoma chuo kama hicho. Nimemwendea anipe moyo. Amekifungua kijitabu nyuma, kwenye herufi ndogo, mahali ambapo mimi sikufika. Kumbe ada ni ya darasani. Saa za kuruka zinalipiwa mbali, na hizo ndizo ghali. Diploma peke yake si leseni. Kiwanja kizima kingenifikisha nusu ya njia.

Chuo si kibaya, amesema. Yeye kilimpa kazi. Lakini kabla ya kulipa alikwenda kwa waajiri akawauliza kama karatasi ile wanaitaka. Akataka kujua mimi nimeuliza wapi. Nikamwambia nilipanga kuuliza nikirudi. Josphat alinitazama, akaniongeza chai.

Jumamosi, 10 Oktoba
Nimelipigia simu shirika moja la ndege. Bwana mpole sana. Wanachukua vijana wasiozidi miaka ishirini na mitano na kuwasomesha wenyewe. Aliyejisomesha wanamtaka na saa nyingi za kuruka, zisizolipika hata kwa kiwanja kizima. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu. Akasema mafaili nayo ni muhimu.

Nimekaa chini ya makabati mpaka saa ya kutoka. Nimehuzunika kweli. Wala si kwa ajili ya ndege. Wiki nzima mama amekuwa akilitaja jina langu mbele za watu bila ya kushusha sauti.

Nimemwambia Mahbuba hatuuzi. Amelia kidogo. Halafu amefungua halwa ya Kanada, tukala wote watatu. Mama hakuniita Kepteni tena.

Ijumaa, 16 Oktoba
Vifurushi vimerudi kwa wenyewe, isipokuwa halwa. Dalali nimemwambia asije. Nimejifunza: pima kwanza, uliza kwanza.

Leo tumekwenda Seeb. Mahbuba amepanga vyumba kwa mawe. Hapa jiko. Hapa chumba cha mama, mbali na chetu. Pale pembeni majlisi yangu, ya kukaa na wageni. Sijamwona na furaha namna hiyo tangu harusi. Ndege ikapita juu yetu, chini kabisa, nikakumbuka kumpa habari njema. Nimepata kijitabu kingine. Kozi ya kuongoza ndege ukiwa chini, mnarani, kwa njia ya posta. Hakuna saa za kuruka. Na ada yake ni nusu kiwanja tu.

Mahbuba akainama, akayaokota mawe ya majlisi yangu moja moja, akayapanga upande wa jiko. Jiko sasa ni kubwa sana.

Hakukataa, basi. Kesho nampigia dalali nimuulize kama nusu inauzika.