Mwenye Ufunguo wa Kabini

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Siku kubwa. Nimekabidhiwa ufunguo wa kabini. Siyo Abibu. Mimi, Donat.

Kabini ni kijumba cha matofali kilichoegemea ukuta wa lupango, kiwanja changu, hapa mtaa wa Kamalondo. Ndani kuna transfoma inayolisha avenyu nzima: duka langu la samaki, pasi na cherehani za Abibu, fundi nguo wa ng'ambo ya barabara, na nyumba zote mpaka kwenye kona. Leo injinia wa umeme, binti anayeitwa Keren, amefunga kifaa kipya kwenye transfoma. Kadogo, kama kopo la maziwa ya unga. Akatueleza kwa subira. Transfoma imejaa mafuta ya kuipoza. Kitu kikianza kuungua ndani, hata kidogo, mafuta yanavunjika na kutoa gesi ya hidrojeni. Kifaa kinainusa kabla mtu hajaona moshi, kisha kinatuma nambari ya kipimo chake. Nambari ikiwa chini ya mia, tulale. Ikizidi mia, apigiwe simu. Ikizidi mia saba, watu wote waondoke karibu, kisha apigiwe simu.

Ujumbe utakuja kwenye simu ya mwenye ufunguo peke yake. Laini ya kupeleka ujumbe ofisini itaunganishwa juma lijalo. Abibu aliomba ufunguo, akisema yeye hukaa dukani kutwa. Keren akasema ukuta ni wangu. Nikamtazama Abibu kwa huruma ya kiongozi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nambari: 85. Nimetundika ubao mlangoni kwa chaki: HIDROJENI LEO 85. Kufikia saa nne watu kumi na mmoja wamekuja kuuliza maana yake, na saba wameondoka na samaki. Mzee mmoja ameniita Ingénieur. Sikumsahihisha.

Abibu alivuka barabara, akasoma, akauliza themanini na tano ya nini. Nikamjibu kuwa mambo haya yanataka masomo. Kusema kweli, hata mimi nimesahau ni ya nini.

Habari nyingine: Jumamosi anamwoza binti yake Yasmine. Turubai litafungwa hapa avenyu, na ameagiza kwangu katoni kumi na mbili za samaki wa tomsoni. Mpinzani akiagiza katoni kumi na mbili, ni jirani mwema. Lakini nitaziweka wapi? Jioni nimepata jibu. Familia moja ya mtaa wa Golf inahama na inauza kongelateri ya kugandishia vyakula, kubwa kama jeneza la mtu mnene. Nimeichukua. Sasa ninazo nne.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi nimechomeka kongelateri ya Golf. Inanguruma vizuri. Mchana ujumbe: 190.

Nimempigia Keren. Hakushtuka sana. Amesema huenda ni mzigo wa umeme na joto la mwezi huu. Wenye mashine kubwa wapunguze, nimpe nambari kila jioni, yeye atakuja Jumatatu. Nikaandika ratiba mara moja. Pasi za Abibu: marufuku mpaka saa kumi. Dédé anayechomelea milango: marufuku kabisa. Kongelateri zangu hazimo kwenye ratiba, maana samaki ni chakula, na chakula ni afya.

Mke wangu Christiane aliisoma, akauliza mbona jina letu halionekani. Nikamwambia mtunga sheria hajiandiki. Akaenda kusonga bukari, ugali wetu, akipiga mwiko sufuriani kwa nguvu. Sipendi anaposonga hivyo.

Alhamisi, 9 Oktoba

340! Na Dédé amekaa kivulini anacheza karata, nimemwona mwenyewe. Basi ni Abibu. Anapiga pasi kwa siri.

Nilikwenda kwake na suruali yangu ya Jumapili, kama mteja. Aliponigeukia mgongo kutafuta uzi, nikaweka kiganja juu ya pasi kubwa ili kupata ushahidi. Ushahidi ulikuwepo. Pasi yenyewe ilikuwa ya makala, yaani ya mkaa, isiyotumia umeme. Aliitoa kwenye boksi la marehemu baba yake ili kuheshimu ratiba yangu.

Mke wake Kulthumu amenipaka dawa ya meno kiganjani. Abibu hakucheka. Alisema taratibu: "Papa Donat, ukitaka kugusa kitu, unaomba. Ukiomba, tunaachaka watu bagusa." Afadhali angecheka.

Jioni Keren akauliza nambari. Nikawaza: nikimwambia, atakata umeme, samaki wataoza, na Abibu atakosa chakula cha harusi. Nani atalaumiwa? Nikasema haijabadilika sana.

Ijumaa, 10 Oktoba

520. Watu wakiona nambari hii ubaoni watanunua samaki kwingine. Nimeandika 52. Siyo uongo. Ni kufupisha.

Avenyu imefurahi. Dédé ameniuliza kama anaweza kuchomelea, kwa kuwa mambo yameshuka. Nimemkatalia kwa ajili ya usalama wake. Keren naye nimempa hiyo hamsini na mbili. Amesema nimefanya kazi nzuri. Nimekata simu haraka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika usiku, harusi imekwisha.

Turubai walilifunga tangu asubuhi, na kwa sababu ya kivuli cha ukuta wakaweka kiti cha bibi arusi hatua tano kutoka kabini. Mimi nilivaa suti. Saa nane simu ikatetemeka mfukoni. 760.

Jambo la kwanza nililofikiria ni ubao. Nikisema kweli, kila mtu atajua kuhusu ile 52. Jambo la pili lilikuwa mlango wa nyuma. Ningeweza kwenda zangu Annexe kumtembelea mdogo wangu. Kisha nikamwona Yasmine kwenye kiti chake, hina mikononi, anamcheka mtoto aliyemkanyagia gauni. Sikuweza kuondoka. Sikuweza kusema pia.

Nikaanza kwa akili. Nikamwambia mpiga picha kuwa mwanga ni mzuri zaidi kule kwenye kona. Akasema hapa panamtosha. Nikawaambia wazee viti vyao vina siafu. Wakakagua, hakuna siafu. Mwisho nikatangaza kuwa nimeona nyoka mkubwa ndani ya kabini. Nilitegemea watu wakimbie. Wajomba wanne wa Abibu wakashika fimbo, wakaenda moja kwa moja kabini, wakaniomba ufunguo. Nusu ya harusi ikawafuata kuona nyoka.

Nilisimama mlangoni mwa kabini nimetanua mikono kama golikipa. Christiane akaja, akanitazama usoni, akaingiza mkono mfukoni mwangu, akatoa simu, akasoma. Hakupiga kelele. Aliongea kama anayehesabu samaki.

"Hakuna nyoka. Ni transfo, inaweza kupasuka. Kulthumu, chukua mutoto wako. Bote mutoke mpaka kwenye kona. Sasa hivi."

Walitoka. Wazee, masufuria, bibi arusi na gauni lake. Christiane akampigia Keren nambari ya kweli, kisha akaingia dukani, akachomoa kongelateri zote. Keren aliamuru laini ya umeme ikatwe kutoka mbali, na baada ya dakika ishirini alifika mwenyewe kwa pikipiki. Alipofungua alikuta kiungo kimoja kimelegea na kuwa cheusi kwa joto. Akasema kililegea zamani, lakini mzigo wa juma hili ndio uliokipika. Saa chache zaidi, mafuta yanayowaka yangemwagika juu ya turubai.

Akauliza ni mashine gani mpya imeingia avenyu. Wote walitazama duka langu.

Abibu alikuja kusimama mbele yangu. Nilingoja anipige, na ningekubali. Akasema: "Ulitudanganya, Papa Donat. Lakini haukukimbia." Kisha akaniambia nilete samaki wote, hata wasio wake, kabla hawajaharibika. Wakawakaanga kwenye makala pale kwenye kona. Harusi iliendelea kwa ngoma, bila umeme, na ilikuwa nzuri. Nililia kidogo nyuma ya gari. Moshi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Keren amebadilisha kiungo na kusafisha mafuta. Umeme umerudi. Nambari: 15. Ufunguo amepewa Christiane, ambaye amefuta ubao wangu na kuandika bei ya samaki. Ratiba mpya ni yake. Kongelateri tatu, basi. Ya Golf nisiiwashe tena kwenye kabini hii. Nimeapa mbele ya Abibu, Kulthumu, Dédé na mashemeji wawili.

Nami ni mtu wa kutimiza ahadi. Kwenye kabini hii sitaiwasha.

Leo mchana nilizunguka mpaka avenyu ya nyuma. Wao wana kabini yao wenyewe, na mwenye nyumba jirani nayo anapenda sana tomsoni. Nimechungulia kwenye tundu la mlango. Transfoma ipo, imetulia, na juu yake hakuna kifaa chochote. Yaani kule hakuna hidrojeni kabisa! Kesho nanunua waya mita sitini, wa kutoka kule mpaka kwenye kongelateri ya Golf.