Penalti ya Kerosi Jua Likizama

Jumatano, 8 Julai
Fainali ya soka ya shule za Nyanza ni Ijumaa, Homa Bay, sisi wa Uriri dhidi ya Sindo. Mkuu wa shule ameniita. Madam Nyasuguta, kocha wetu, anahamishwa. Tukishinda, nafasi yake ni yangu. Tukishindwa, ataletwa mtu wa nje. Baada ya miaka yote hii ya kuwa msaidizi wake, kubeba koni za mazoezi na machungwa!

Alhamisi, 9 Julai
Mazoezi. Nimemfundisha Kerosi, mpigaji wetu wa penalti, ujanja wangu: kimbia, fika kwenye mpira, simama, kipa aruke, ndipo upige. Madam akaja kuharibu. Eti kuna makosa ya kurudia na makosa ya kupoteza. Mwenzako akiingia kwenye boksi mapema na mpira ukaingia wavuni, mnarudia. Lakini ukimhadaa kipa ukishamaliza kukimbia, hakuna kurudia: bao linafutwa, unapata kadi ya njano, na wapinzani wanapewa mpira. Nikamwambia marefa wa siku hizi hawajali hayo. Akanitazama kama mbuzi aliyeingia jikoni. Wivu tu!

Ijumaa, 10 Julai
Mechi ilikuwa ya saa nane. Mvua! Tukaanza karibu saa kumi na moja. Kerosi ni Msabato. Akaniambia, macho kwenye viatu: "Mwalimu, jua ikizama mimi sigusi mpira." Nikamhakikishia tutakuwa tumemaliza.

Dakika za mwisho, tumefungwa moja bila. Penalti! Yetu! Kerosi akaweka mpira, refa akamwonyesha kipa kwamba huyu ndiye anayepiga. Ndipo Sindo wakaanza kubishana na refa. Wakabishana, wakabishana. Mimi naangalia jua tu. Likazama. Kerosi akatikisa kichwa.

Madam akanisihi tumwambie refa kwamba Wesley, mshambuliaji wetu, ndiye atakayepiga. Hapana! Kipa wao alikuwa amemkazia Kerosi macho. Na kusimama tu si kuvunja Sabato. Nikapaza sauti kwa Kikisii, Sindo wasielewe: Kerosi abaki hapo hapo, Wesley aje mbio kutoka nyuma apige yeye.

Bao! Kipa hata hakusogea. Nikamkumbatia dereva wa basi.

Refa akapuliza filimbi. Aliyetajwa siye aliyepiga. Bao likafutwa, Wesley akapata kadi ya njano, Sindo wakapewa mpira. Wakaubutua hadi barabarani na mechi ikaisha. Wesley yuko kidato cha nne, hana mwaka mwingine. Aliketi kwenye matope akalia. Niliona haya, nikajifanya nakusanya koni.

Jumatatu, 13 Julai
Kocha mpya ni mtu wa nje, Bwana Gichana. Koni atabeba mwingine. Mimi, kwa huruma ya mkuu, nimepewa voliboli ya wasichana, maana kocha wao, Madam Edith, yuko likizo ya uzazi. Madam Nyasuguta amenieleza polepole, kama mtoto, kwamba kila mchezaji huanzisha mpira kwa zamu yake, na asiye na zamu akiupiga, pointi inakwenda kwa wapinzani. Nimemshukuru kwa heshima zote.

Jioni nikawatazama wakicheza. Mwenye mkono wenye nguvu ni Metrine peke yake. Kumngojesha zamu ni dhambi! Nimeshazungumza naye: ataanzisha mpira kila mara. Wasichana sita, sare za rangi moja, refa yuko juu ya kiti chake. Atamjuaje?